Nafsi na Hali katika Vitenzi vya Kilamaholot: Historia ya Viambishi Vilivyopotea

Msomi wa Kiswahili anayekutana na Kilamaholot, lugha ya mashariki ya Flores na visiwa vya Solor, Adonara na Lembata nchini Indonesia, hushawishika kudhani kwamba yumo nyumbani. Kitenzi chenye maana ya ‘kunywa’, ambacho asili yake ni mzizi wa kale *inum, hutanguliwa na kiambishi cha nafsi: k- kwa mimi, m- kwa wewe, n- kwa yeye, r- kwa wao. Kwa ‘sisi’ zipo njia mbili: t- humjumuisha msikilizaji, m- humtenga.

Ufanano unakomea hapo. Kwetu kiambishi cha nafsi karibu ni sharti (hu- ya mazoea ndiyo inayotuumbua). Kwao hubebwa na kundi dogo la vitenzi, hasa vinavyoanza kwa irabu. Vingine hutegemea nomino au kiwakilishi, na baadhi ya visivyo na shamirisho huweza kupokea nafsi mwishoni. Hali nayo haikuwekewa nafasi ndani ya kitenzi kama -me- yetu. Huonyeshwa hasa kwa maneno huru yaliyo karibu na ‘tayari’ na ‘bado’. Gorys Keraf, mzaliwa wa Lamalera, kijiji cha wavuvi wa nyangumi, aliyafafanua maumbo ya lahaja ya kwao katika tasnifu yake ya mwaka 1978.

Je, uchache huo ni dalili ya lugha kuchakaa? Tazama Kialor, jamaa wa karibu, kilichovushwa hadi Pantar yapata karne ya 14. Viambishi tamati vyake vya nafsi vimetoweka. Viambishi awali vimesalia katika vitenzi vichache. Marian Klamer na Francesca Moro wanaeleza sababu: koo za pwani zilioa wake wa bara, wenye lugha za nasaba nyingine kabisa, nao walijifunza Kialor ukubwani. Mtu mzima hushika neno kabla ya kushika kiambishi.

Sisi tuliozoea kukicheka Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa Kenya kilichoangusha viambishi vivyo hivyo, hatuna budi kusita. Kisetla hakikupata watoto wa kukirithi. Kialor cha wale wake kilirithiwa, na hadi leo hiyo ndiyo lugha ya mama katika vijiji vya pwani ya Pantar na Alor.