Hesabu ya Pembe na Hesabu ya Nafsi

Ntalikwa leo ni kata ya pembezoni mwa Manispaa ya Tabora. Katika karne ya 19 eneo hili lilikuwa ndani ya himaya ya Unyanyembe, ambako njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika: tawi moja likielekea Ujiji na Manyema, jingine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha jenga matembe na kustarehe. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, nguo, bunduki na binadamu. Dini nazo zilipita humo humo, nyuma ya mzigo ule ule.

Swali langu ni hili: dini zilizomfundisha muumini kujichunguza kila siku, je, zilijichunguza zenyewe kuhusu mzigo huo?

Waislamu huuita uchunguzi huo muhasaba, neno lililo ndugu wa hesabu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutengea kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din, na mfano alioutumia ni wa sokoni: mtu aihesabu nafsi yake kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake, mtaji na faida, jioni hata jioni. Ni mfano ambao matajiri wa Tabora wangeuelewa bila mfasiri. Lakini tukisoma wasifu ambao Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliuandika mwenyewe kwa Kiswahili, tunakuta frasila za pembe, madeni, vita na safari, vyote vimekumbukwa kwa usahihi wa kushangaza. Baba yake aliishi Ituru, jirani na Tabora, naye mwenyewe alikuwa Mwislamu asiyeona haja ya kuficha lolote. Toba kwa ajili ya watu waliotekwa haimo. Sidhani kwamba alikuwa mnafiki. Jamii yake ilikuwa imemfundisha ni mambo gani huandikwa daftarini na yapi hayaandikwi.

Wakristo walifika na daftari lao. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, waliingia Tabora mwaka 1878, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakafungua kituo Kipalapala, walikowalea watoto waliokombolewa utumwani. Kukombolewa hapo kulimaanisha kununuliwa. Padre aliyetafiti dhamiri yake kila jioni alijua kwamba mtoto mmoja ameokolewa. Alijua pia kwamba malipo yake yamebaki mikononi mwa muuzaji, ambaye kesho angeweza kuleta mwingine. Mtanziko huo haukuwa na jibu jepesi, na sioni haki ya kuwahukumu kwa urahisi watu waliomwona mtoto akisimama mbele yao. Katika waliokombolewa na shirika hilo, mbali kabisa na hapa, alikuwamo Adrien Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi, aliyesomeshwa utabibu Malta na kuwatibu watu wa Karema tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Mwaka huo wa 1889 ndipo Kipalapala ilipofungwa, kwa uhasama wa Mtemi Isike.

Mwaka mmoja kabla, Kardinali Lavigerie, mwasisi wa shirika, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa barani Afrika. Alisema kweli. Hata hivyo, dhambi ya jirani huhesabika upesi kuliko ya nyumbani: ilipofika Februari 1992, Papa Yohane Paulo II alikuwa kisiwani Gorée, Senegal, akiomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki biashara ya Atlantiki, zaidi ya karne moja baada ya biashara yenyewe kukoma.

Kwa upande wa Waislamu, hesabu iliyokuwa imeachwa nje ya daftari ilifunguliwa na waliouzwa. Tariqa ya Qadiriyya ilienea bara mwishoni mwa karne ya 19, na Tabora ikawa kitovu chake kikubwa chini ya Sheikh Zahur bin Muhammad. Katika halaka ya dhikri mtumwa na mwungwana walikaa bega kwa bega, jambo ambalo barazani halikuwezekana. Lakini kukaa pamoja si kuongozwa. Jaribio lenyewe lilikuja Bagamoyo, mwisho wa njia yetu, kwa Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya. Alizaliwa upande wa Manyema, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa pwani kwa tajiri wa ukoo wa Lamki. Alifanya biashara ndogo ya samaki, akapata mashamba ya minazi, akasoma kwa bidii, akapewa ijaza ya Qadiriyya mwanzoni mwa karne ya 20.

Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali. Wajerumani walikubali tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Kwa hiyo sheria haikuwa imewalazimisha waungwana wa Bagamoyo kuamua lolote kuhusu Ramiya. Waliotaka uradi wa tariqa yake walipaswa kuupokea mkononi mwa mtu ambaye wangeweza kumkumbuka akiwa mali ya mtu. Wapo waliokwenda kuupokea. Mwaka 1916 Waingereza walimfanya liwali wa mji ule, na alipofariki mwaka 1931 mwanawe Muhammad alirithi uongozi wa tariqa.