Kinu cha Njoro: Unga Uliosagwa na Sheria

Mwaka 1908, Njoro, kituo kidogo cha reli magharibi mwa Nakuru, ilipata kinu cha kusaga ngano. Mwenye kinu alikuwa Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, na kampuni aliyoianzisha akaipa jina la Kiswahili lisilo na pambo lolote: Unga. Jina hilo lingali hai kwenye soko la hisa la Nairobi, na ndiyo sababu habari za kinu hicho husimuliwa kama hadithi ya mtu mmoja na mashine yake: alikuja, akalima, akapata hasara, akavumilia, akasaga. Ukweli umo katika masimulizi hayo. Lakini yanaacha nje jambo lililokuwa zito kuliko jiwe la kusagia. Ngano ya Njoro haikupata wanunuzi kwa kuwa ilikuwa rahisi, wala kwa kuwa wenyeji waliililia. Soko lake lilitengenezwa na sheria, na gharama ya soko hilo wakabebeshwa walaji ambao wengi wao hawakuwahi kufika Njoro.

Tuanze na ardhi, maana kinu hakisagi upepo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikiwa imemeza zaidi ya pauni milioni 5, na serikali ya Kiingereza ilihitaji mizigo ya kuilipia. Delamere akapewa ekari 100,000 za Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kwa makubaliano ya 1904, Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa waliondolewa, na wengi wao wakapelekwa Laikipia. Hata hivyo bwana mpya hakustawi kwa mifugo: nyasi za Njoro zilipungukiwa na madini ya kobalti, na ng'ombe na kondoo wake wakadhoofika na kufa hata wakiwa katikati ya malisho ya kijani. Ndipo akageukia ngano. Kwa hiyo ngano ilikuwa jibu la tatizo la mwenye shamba, na kinu kikafuata kwa hoja hiyo hiyo. Hakuna aliyeketi kwanza akauliza watu wa nchi hii wanakula nini.

Ngano nayo haikumpokea kwa wema. Ugonjwa wa kutu, ule ukungu unaopaka shina na majani unga wa rangi ya chungwa au manjano, ulifyeka mashamba yake ya mwanzo. Hapa mtu hana budi kumpa Delamere haki yake. Aliajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu kwa fedha zake, akachanganya ngano za kutoka nchi mbalimbali akitafuta aina itakayostahimili kutu, na mali aliyoitumia ilitokana kwa sehemu kubwa na urithi wake huko Cheshire, aliouweka rehani. Serikali ilipoanzisha kituo cha kuzalisha mbegu za mimea Njoro mwaka 1927, ilikuwa ikiendeleza kazi ambayo mtu binafsi alikwisha kuilipia. Anayeitazama historia hii kama wizi mtupu hawezi kueleza ukaidi huo wa kupanda tena na tena katika shamba lililokwisha kumfilisi mara kadhaa.

Ila ukaidi hauuzi unga. Mlaji wa ngano katika Kenya ya wakati ule alikuwa Mzungu, Mhindi, au mtu wa mji wa pwani. Bara watu walikula mtama, wimbi na, kwa kasi iliyozidi kukua, mahindi. Soko lilikuwa dogo, na unga wa ng'ambo ulishushwa Mombasa kwa bei ambayo mkulima wa Njoro alipata taabu kuishinda. Suluhisho halikutoka kinuni. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907, na Delamere alikuwa mmoja wa wajumbe wake wa mwanzo; Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo 1944. Katikati ya tarehe hizo mbili, mambo yote makubwa ya ngano yaliamuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ushuru wa forodha wa kuilinda ngano ya walowezi ulipandishwa, na kwa kuwa Uganda na Tanganyika zilikuwa zikifungwa katika soko moja na Kenya, mlaji wa Kampala au Dar es Salaam akajikuta analipia mkate wake zaidi ili shamba la Bonde la Ufa lisimame. Mwaka 1930 ikaja sheria ya uuzaji wa ngano, iliyowakusanya wakulima katika mfuko mmoja wa kuuzia ili bei ya ndani isiporomoke. Dunia ilikuwa inaingia katika mdororo mkubwa wa uchumi na bei za nafaka zilikuwa zikianguka kila mahali. Katika Kenya, anguko hilo lilizuiwa kwa kalamu.

Hapa litazuka pingamizi la haki: ni kiwanda gani kichanga kilichokua bila kulindwa? Nchi nyingi zimevilea viwanda vyao kwa ushuru, na baada ya uhuru serikali zetu zilifanya hivyo hivyo. Nakubali. Ubishi wangu hauhusu ushuru wenyewe, unahusu nani alishirikishwa kuupanga na nani aliletewa ankara tu. Kinga ya viwanda inaweza kuwa mkopo ambao jamii inajikopesha yenyewe, ikijua itafaidika siku za mbele. Ya Njoro ilikuwa mkopo uliochukuliwa kwa jina la watu wasioulizwa, na faida yake ikaandikwa kwa jina la wachache.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika neno moja. Kibarua aliyevuna ngano hakulishwa ngano. Alipimiwa posho, na posho hiyo ilikuwa unga wa mahindi. Neno lililokuwa na maana ya mgawo wa chakula likahamia kwenye chakula chenyewe, hata nchini Uganda posho ni ugali, na nchini Kenya mashine ndogo ya mtaani ya kusagia mahindi ikaitwa kinu cha posho. Kwa hiyo palikuwa na vinu vya aina mbili, na historia iliyoandikwa imekishughulikia zaidi kile cha ngano, ilhali kilichowalisha wengi ni hiki kingine. Katika miaka ya 1930 na 1940 Waafrika wa Mkoa wa Kati walijenga vinu vya maji kwenye mito yao na kusagiana mahindi, bila ushuru wa kuwakinga. Hilo nalo linajibu dai kwamba bila Njoro watu wasingejua kusaga kwa mashine.

Ni kweli pia kwamba ladha hubadilika. Chapati na mandazi leo ni vya kila mtu, na Kenya huagiza nje zaidi ya nusu ya ngano inayoila. Kampuni ya Unga inasagia Nairobi na Eldoret, karibu na midomo na barabara, na Njoro imebaki na kituo chake cha utafiti. Aina mpya ya kutu iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilipoanza kutishia ngano ya dunia nzima, wanasayansi wa mataifa mengi walileta mbegu zao zijaribiwe Njoro, katika hewa ile ile iliyoangamiza mashamba ya Delamere. Na bei bado haiachiwi soko peke yake: ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, Kenya huomba kutoza asilimia 10, na wasagaji wanaotaka nafuu hiyo hutakiwa kwanza kununua ngano ya wakulima wa ndani. Tofauti ni kwamba siku hizi mkulima wa Narok na wa Nakuru anajua mkutano wa bei utafanyika lini, na hutuma mtu wake akakae mezani.