Nyumba Marekani: kwa jina la mwenyewe au la kampuni?

Anayenunua nyumba Marekani, au anayefikiria kuipangisha aliyo nayo, hukutana mapema na ushauri wa kuiandikisha kwa jina la kampuni. Miongoni mwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ushauri huo huja kwa mawakala na jamaa, na mara nyingi hutolewa kana kwamba nyumba zote ni sawa. Sheria haizioni hivyo. Nyumba ya kuishi na nyumba ya kupangisha zina hesabu tofauti, na atakayezichanganya anaweza kupoteza msamaha wa kodi, bima au hata mkopo wenyewe.

Kampuni ya LLC ni nini?

Kampuni inayozungumziwa hujulikana kwa herufi LLC, yaani kampuni ambayo dhima ya wanachama wake ina kikomo. Wyoming lilikuwa jimbo la kwanza kuitungia sheria, mwaka 1977, na leo majimbo yote 50 yanaitambua. Kampuni hiyo ina mali yake na madeni yake, na hushtaki au kushtakiwa kwa jina lake. Mpangaji akianguka kwenye ngazi mbovu na mahakama ikaamuru alipwe fidia, deni ni la kampuni. Akiba ya mwanachama na nyumba anayoishi kwa kawaida haziguswi.

Kinga hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, haimwondolei mtu dhima ya kosa alilolitenda mwenyewe. Aliyeitengeneza ngazi hiyo kwa mikono yake bila uangalifu anaweza kushtakiwa yeye binafsi, ijapokuwa hati ina jina la kampuni. Pili, mahakama inaweza kuipuuza kampuni iliyo jina tupu. Ikiwa kodi ya pango huingia katika akaunti ya nyumbani, na akaunti ya kampuni hulipia karo na chakula, mdai atakuwa na hoja kwamba kampuni na mwenyewe ni kitu kimoja.

Kodi ya mapato haipungui

Wengi hudhani kampuni hupunguza kodi ya serikali. LLC yenye mwanachama mmoja, isipochagua vinginevyo, haihesabiwi na mamlaka ya kodi ya shirikisho, IRS, kuwa mlipa kodi wa pekee. Mapato ya pango huandikwa katika fomu za mwenye nyumba mwenyewe, na riba, matengenezo na uchakavu hukatwa vilevile kama ambavyo vingekatwa bila kampuni.

Kinachoongezeka ni ada. California hutoza angalau dola 800 kila mwaka, Massachusetts dola 500 na Delaware dola 300. Aidha, katika majimbo mengi kampuni haiwezi kufika mahakamani bila wakili, hata kwa kesi ndogo ya kumwondoa mpangaji asiyelipa, ilhali mtu binafsi anaruhusiwa kujitetea.

Nyumba ya kuishi

Hapa ndipo hasara huwa kubwa zaidi. Sheria ya shirikisho humruhusu aliyeimiliki nyumba na kuishi humo kwa angalau miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuiuza asilipe kodi ya mapato kwa faida isiyozidi dola 250,000, au dola 500,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu zao pamoja. LLC ya mwanachama mmoja haiondoi haki hiyo. Ikiwa wanachama ni wawili, IRS kwa kawaida huihesabu kuwa ubia, na msamaha huo hupotea. Hata mume na mke wanaweza kunaswa hapa, isipokuwa katika baadhi ya majimbo yanayohesabu mali ya wanandoa kuwa ya pamoja, kama Texas, ambako wanaweza kuchagua kuhesabiwa kama mmoja.

Upo pia unafuu wa kodi ya majengo anaopewa mwenye makazi. Texas na Florida huutoa kwa watu, si kwa kampuni. Nyumba ikihamishiwa kwa LLC, unafuu huo huondoka na bili ya kila mwaka hupanda.

Mkopo na bima

Mikataba mingi ya mikopo ya nyumba humruhusu mkopeshaji kudai deni lote mara moja nyumba inapobadilisha mmiliki. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 inamzuia kufanya hivyo katika hali kadhaa, kama vile urithi baina ya ndugu, au kuhamisha makazi kwenda kwenye amana ambayo mkopaji ni mnufaika wake. LLC haimo katika orodha hiyo. Baadhi ya wakopeshaji huruhusu uhamisho ikiwa mkopaji ndiye anayeidhibiti kampuni, lakini ruhusa hiyo yafaa ipatikane kwa maandishi kabla hati haijabadilishwa.

Bima nayo huwa imeandikwa kwa jina la mtu. Hati ikihama na bima isihame, nyumba inaweza kuungua na dai likakataliwa. Pennsylvania, kwa upande wake, hutoza kodi ya uhamisho ya asilimia 1, na mara nyingi serikali za mitaa huongeza asilimia 1 nyingine, hata mtu anapoihamishia kampuni iliyo yake mwenyewe.

Mmiliki anayeishi nje

Ndugu aliye Goma au Kigali anayemiliki LLC ya Marekani peke yake ana wajibu wa ziada. Miamala yake na kampuni hiyo, ikiwemo fedha anazoitumia, hutolewa taarifa kwa IRS kupitia Fomu 5472. Asipofanya hivyo, adhabu huanzia dola 25,000.

Hatua za kuchukua

Kwa nyumba ya kuishi, faida za LLC kwa kawaida ni chache kuliko hasara. Anayetaka kuwarahisishia watoto urithi anaweza kuuliza kuhusu amana ya familia, na anayehofia kesi anaweza kuongeza bima ya dhima, ambayo mara nyingi huanzia dola milioni moja.

Kwa nyumba ya kupangisha, hasa kwa mwenye nyumba kadhaa au akiba kubwa ya kulinda, kampuni inaweza kufaa, mradi iwe na akaunti yake na mikataba ya pango isainiwe kwa jina lake. Kabla ya kusaini hati ya uhamisho, mkopeshaji na kampuni ya bima waulizwe kwanza, kisha wakili wa jimbo ilipo nyumba. Aliyekwisha kuihamisha bila kuwauliza awasiliane na kampuni yake ya bima mara moja, kwa sababu kila siku inayopita nyumba inaweza kuwa haina kinga.