Kisanduku cha Maandishi Juu ya Ramani

Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 uliigawa Eastlands katika mitaa ya wafanyakazi, na mkazi hakuachiwa mahali pa kuongeza neno. Naamini ramani za mji huu zilibaki za kutazamwa tu hadi Januari 2008, pale ghasia za baada ya uchaguzi zilipowasukuma Ory Okolloh, David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich kuunda Ushahidi, tovuti ya kuripoti ghasia hizo kwenye ramani. Ramani yenyewe ilikuwa ya kawaida ya intaneti. Jipya lilikuwa fomu: kichwa, maelezo, tarehe, mahali. Mtu wa Mathare au Huruma hataji latitudo. Hutaja stage, kanisa, kioski. Sehemu ya maandishi ilimruhusu aseme hivyo, kisha mwingine akaweka alama panapostahili.

Utauliza, ni wangapi Eastlands waliokuwa na kompyuta? Wachache, na ndiyo maana SMS zilipokelewa pia, hata kutoka kwa simu ya mulika mwizi. Pingamizi zito zaidi ni uvumi, kwa sababu kisanduku hupokea uongo kama kinavyopokea ukweli. Waundaji walilijua hilo, wakahakiki taarifa kwa mkono na kuzilinganisha na vyanzo vingine. Kazi hiyo ilichosha, lakini bila hiyo waliokuwa mitaani wangeendelea kuchorewa na watu wa mbali.