Ugonjwa Usioacha Mizoga

Robert Koch alipoteremka Dar es Salaam mwaka 1897, hapakuwa na mtu duniani aliyekijua kifua kikuu kumzidi yeye. Ndiye aliyetangaza Berlin mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu cha ugonjwa huo, na ndiye aliyetoa tuberkulini mwaka 1890, dawa iliyoshindwa kuponya watu lakini ikaja kuwa kipimo cha kuwagundua ng'ombe wagonjwa. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na mtu huyo mkononi, na ng'ombe wa pwani walikuwa mbele yake, lakini si kifua kikuu alichokitafuta kwao. Alichunguza damu yao, kwa sababu walikuwa wakifa kwa homa, na majaribio yake juu ya kupe yalifika hadi Kwai, katika milima ya Usambara iliyo juu ya bonde la Korogwe. Mwaka 1901, mbele ya mkutano wa madaktari London, alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si jambo la kumtisha binadamu. Tume ya Waingereza ililikanusha neno hilo katika kazi ya miaka kumi iliyomalizika mwaka 1911. Simtaji Koch ili kumlaumu. Namtaja kwa sababu alifanya kile ambacho kila mamlaka iliyoshika Handeni na Korogwe baada yake imekifanya: kuhesabu maradhi ya mifugo kwa mizoga. Kifua kikuu hakiachi mizoga, na hilo, kuliko uhaba wa sayansi, ndilo lililokifanya kikose ukurasa katika historia ya mifugo ya wilaya hizi mbili.

Wengi huijua Handeni kwa mahindi, ukame na vichaka, hata ni rahisi kusahau kwamba Wazigua, wenyeji wake, walikuwa na ng'ombe. James Giblin, aliyechapisha mwaka 1992 kitabu cha historia ya kaskazini-mashariki mwa Tanzania, alionyesha kwamba katika karne ya 19 watu wa Uzigua walifuga katikati ya mbung'o na kupe bila kuwamaliza wadudu hao. Walilima, wakachoma nyasi, wakafyeka vichaka kuzunguka vijiji, na mbung'o akabaki mbali na malisho. Kupe hawakwisha, wala haikuhitajika waishe, maana ndama aliyeumwa mapema akanusurika na ndigana kali alikua na kinga yake. Kazi hiyo ilitaka mikono mingi, na mikono hiyo ilishikwa pamoja na wakubwa waliokuwa na chakula cha akiba na mifugo ya kuwapa watu wao. Udhibiti wa maradhi ulikuwa suala la mashamba na la nani anamtegemea nani, muda mrefu kabla haujawa suala la sindano.

Mpango huo ulivunjika ndani ya kizazi kimoja. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, nzige na njaa vikafuata, kisha kodi ya Wajerumani, mashamba ya mkonge yaliyovuta vibarua, na mwisho vita vya 1914 hadi 1918. Wakubwa hawakuwa tena na akiba ya kuwashika watu. Watu walipotawanyika, vichaka vilirudi na mbung'o akarudi navyo, na ng'ombe waliosalia wakaisha kwa nagana, ugonjwa wa mbung'o, na kwa ndigana. Waingereza, walioweka makao ya idara yao ya mifugo Mpwapwa, walirithi nchi ya mizoga na wakaihudumia kama nchi ya mizoga: chanjo ya sotoka, karantini, na majosho ambayo serikali ya uhuru iliyaendeleza. Sina ugomvi na kazi hiyo. Sotoka ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani kote, na Unguja leo haina mbung'o kwa sababu ya madume tasa waliozalishwa Tanga katika miaka ya 1990. Lakini ushindi wa namna hii humzoesha mtawala kuamini kwamba ugonjwa wa kweli lazima upige kelele.

Kifua kikuu cha ng'ombe hakipigi kelele. Ng'ombe aliyekipata hula, hushika mimba, huzaa na kukamuliwa kwa miaka. Akianza kukonda na kukohoa, mwenyewe husema ni ukame au ni uzee, na kabla hajaanguka huwa amekwisha pelekwa mnadani. Hufia kwenye kisu, si zizini, kwa hiyo haingii katika hesabu ya waliokufa kwa maradhi. Anayekutana na ugonjwa wenyewe uso kwa uso ni mkaguzi wa nyama. Hupasua tezi za kooni na za mapafu, na pale palipotakiwa kuwa laini na penye unyevu hukuta uvimbe wa manjano, mkavu kama kiini cha yai lililochemshwa. Mara nyingine kisu hukwaruza kana kwamba kimegonga mchanga, kwa sababu ya chokaa iliyojijenga humo ndani. Kipande hutupwa, au mzoga mzima ikiwa ugonjwa umeenea. Zizi alikotoka ng'ombe yule halifuatwi, kwa kuwa kati ya zizi na machinjio kuna minada na mikono kadhaa ya wachuuzi. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010, zaidi ya karne moja baada ya Koch, na hereni ya sikioni ndiyo iliyokusudiwa kuunganisha kisu na zizi.

Msomaji wa historia anaweza kupinga hapa: huenda ugonjwa haukuonekana kwa sababu haukuwapo, na uliletwa juzi na ng'ombe wa Kizungu. Pingamizi lina uzito, maana kifua kikuu kilishamiri kweli katika mabanda ya ng'ombe wa maziwa ya Ulaya. Vinasaba vinasema vingine. Mwaka 2011 watafiti walieleza kundi la vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe walilolipa jina la Afrika 2, ambalo limekita mizizi Uganda, Burundi, Tanzania na Ethiopia. Kijidudu chenye ukoo wake katika ukanda mmoja namna hiyo hakikushuka jana na meli ya mitamba. Na njia za kusafiria zilikuwepo tangu zamani: ng'ombe wa mahari, ng'ombe wa kuwekeana, makundi ya Wamaasai na Waparakuyo, ambao wenyeji huwaita Wakwavi, yakiingia na kutoka katika nyika za Handeni. Hapa desturi ya kuwekeana, yaani kumpa jirani ng'ombe wako amtunze, inaonyesha pande zake mbili. Kumwekea jirani ng'ombe kulitawanya hasara ya nagana, kwa sababu balaa haliwezi kupiga mazizi yote usiku mmoja. Ng'ombe mwenye kifua kikuu akiwekwa kwa jirani, kinachotawanyika ni ugonjwa. Desturi ileile ni kinga kwa maradhi yanayoua haraka na ni njia kwa maradhi yanayokawia, na hakuna afisa wa kikoloni aliyepata sababu ya kuuliza tofauti hiyo.

Tazama sasa kipimo chenyewe. Nywele hunyolewa sehemu mbili shingoni, ngozi hukunjwa na kupimwa unene wake kwa koleo maalumu, kisha tuberkulini ya ndege hudungwa sehemu moja na ya ng'ombe sehemu nyingine, tone dogo la sehemu moja ya kumi ya mililita kila upande. Ile ya ndege imewekwa ili kuwatoa ng'ombe waliokutana tu na vijidudu vya udongoni au majini vinavyofanana na kile kinachotafutwa. Mpimaji hurudi baada ya saa 72. Uvimbe wa tuberkulini ya ng'ombe ukiuzidi ule wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, ng'ombe huyo huhesabiwa kuwa ameambukizwa. Ni kipimo kizuri, lakini kinadai kundi lilelile, mahali palepale, siku ya tatu, na katika kiangazi cha Handeni makundi hufuata maji. Zaidi ya hayo, ng'ombe aliyelemewa kabisa huweza asivimbe hata kidogo, kwa kuwa mwili wake umechoka kupigana. Kipimo kilibuniwa kwa ng'ombe wa bandani, na kinaushika vibaya ufugaji wa kuhama.

Zizi lisilohama lilikuja Tanga, mkoa wenye Handeni na Korogwe, na mradi wa maziwa ulioanza mwaka 1985 kwa msaada wa Waholanzi. Ng'ombe chotara waliingia mabandani, wakikatiwa majani na kuletewa maji, na wengi walipatikana kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao kwa sura ni dada wa kule kuwekeana kwa zamani. Kiwanda cha Tanga Fresh kikafuata katika miaka ya 1990. Maziwa ya kikombe kimoja yakawa maziwa ya soko, na ndipo swali la kifua kikuu lilipopata mwulizaji: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima kwa tuberkulini ng'ombe wa kienyeji wa malishoni na chotara wa mabandani katika Mkoa wa Tanga na kuwalinganisha. Ilichukua soko la maziwa kuuliza kile ambacho afya ya mnywaji haikutosha kukiuliza.

Wapo watakaosema jambo hili linakuzwa. Hoja yao ya kwanza ni kwamba ng'ombe wa kienyeji huustahimili ugonjwa huu kuliko wa Kizungu. Ni kweli, lakini kustahimili maana yake ni kuishi nao kwa muda mrefu, na anayeishi nao kwa muda mrefu hukohoa karibu na wenzake kwa muda mrefu. Hoja ya pili, kwamba maziwa huchemshwa, ni nzito zaidi, na popote yanapochemshwa kweli hatari imekwisha. Chai ya maziwa ya Korogwe haimwambukizi mtu. Maziwa ya kibuyu ni habari nyingine, kwa kuwa kugandisha hakuaminiki kukiua kijidudu hiki, na mchungaji aliye machungani hanywi chai. Hoja ya tatu, kwamba hospitalini hakuna wagonjwa wa aina hiyo, inarudia kosa la Koch. Hadubini ya makohozi haiwezi kutofautisha kijidudu cha ng'ombe na cha binadamu, na kipimo cha kisasa cha GeneXpert nacho hakitofautishi. Mgonjwa aliyeambukizwa kwa maziwa mara nyingi huvimba tezi za shingo na hana makohozi ya kutoa. Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha mwaka 2001 kwamba wamekipata kijidudu cha ng'ombe katika tezi za shingo za wagonjwa wa Tanzania. Na kijidudu hicho kwa asili yake hakisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa huanzishiwa.

Basi wapimwe wote na wagonjwa wachinjwe, atasema mwingine, kama Marekani ilivyoanza mwaka 1917 na Uingereza ilivyowapima ng'ombe wake wote kufikia 1960. Anayesema hivyo husahau kutaja hundi. Kule mfugaji alilipwa kwa kila ng'ombe aliyechukuliwa, na bila malipo hayo asingefungua lango la banda. Uingereza yenyewe, pamoja na fedha zake, bado inahangaika kwa sababu ya mnyama wa porini mfano wa nyegere, na nyika ya Handeni ina wanyama wa porini pia. Kinachowezekana hapa ni kidogo zaidi na kinajulikana: mkaguzi wa machinjio aandike zizi, si kipande tu; tezi ya shingo ya mgonjwa ioteshwe maabara; maziwa yachemshwe; chotara wa mabandani wapimwe kwanza, kwa sababu siku ya tatu watakuwa palepale. Tanzania haina mpango wa kitaifa wa kuwapima ng'ombe na kulipa fidia. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amevimba milimita 5 shingoni amejulishwa tu kwamba ana hasara, na mnada haumwulizi kuhusu shingo.