Urusi, Burundi na Hoja ya Mamlaka ya Dola, 1992–2023

Mwaka 1992, Urusi iliyoelemewa na madeni ilifunga balozi zake tisa barani Afrika. Ubalozi wa Bujumbura ulinusurika. Uhusiano uliokuja kupata nguvu baadaye haukutegemea sana biashara. Ulisimama juu ya hoja kwamba mambo ya ndani ya dola hayaamuliwi na wageni.

Chimbuko la hoja hiyo ni Moscow. Yevgeny Primakov, waziri wa mambo ya nje kuanzia 1996 hadi 1998, alitetea dunia yenye vituo vingi vya nguvu. Mabomu ya NATO huko Yugoslavia mwaka 1999, kisha Libya mwaka 2011, yaliigeuza fikra hiyo kuwa hofu ya kudumu. Mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza ulipozuka Aprili 2015, Urusi iliutazama kama suala la katiba la nchi huru, na Bujumbura ikapata ngao.

Ngao hiyo ilikuwa na tundu, jambo wasilolitaja wanaousifu urafiki huo wala wanaoulaani. Tarehe 29 Julai 2016, Baraza la Usalama liliidhinisha polisi 228 wapelekwe Burundi. China, Misri, Angola na Venezuela hazikuunga mkono wala kupinga. Urusi iliunga mkono. Burundi iliwakataa polisi hao.

Malipo ya Burundi yalikuwa ya kidiplomasia. Machi 2022 ilikuwa miongoni mwa nchi 35 zilizojizuia kupiga kura kuhusu Ukraine. Mei 2023 Sergei Lavrov alifika Bujumbura, na Julai Rais Ndayishimiye akaenda St Petersburg.

Lakini ngao ya dola si lazima iwe ngao ya raia. Oktoba 2016 Burundi ilitoa taarifa ya kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai; mwezi uliofuata Urusi iliondoa saini yake kwenye Mkataba wa Roma. Burundi ilikuwa imejiunga mwaka 2004. Hali kabla ya hapo inajulikana vyema Itaba, mkoani Gitega, ambako Septemba 2002 wanajeshi wa serikali waliua raia zaidi ya 170. Shauri lilibaki mikononi mwa dola yenyewe. Mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani maafisa wawili, si kwa mauaji bali kwa makosa madogo ya kijeshi, na mapema mwaka 2003 walikuwa huru.