Meno ya mtoto hayana kosa: historia fupi kutoka milima ya Uluguru



Leo tunaleta historia, ila inaanzia kwenye cherehani. Sisi ni mtu na wifi yake. Mmoja kazaliwa Unguja, ndoa ndiyo iliyomleta bara. Mwingine kwao ni Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Tunashona pamoja Morogoro mjini: magauni ya harusi, abaya, sare za shule. Mtoto wa mmoja wetu ni mtoto wetu sote, anakulia katikati ya vitambaa.

Siku moja, tukiwa tumezidiwa na nguo za watu wa harusi, mtoto akiwa na miezi minane, akang'ata. Mama yake alipiga ukelele mpaka mteja tuliyekuwa tukimpima akaruka. Mtoto akalia, mama akalia, na maziwa yakadondokea kitambaa cha watu.

Meno yenyewe yalikuwa mawili tu, na yote mawili ya juu.

Kabla ya Magharibi tulishapata ushauri wa kila namna. Mteja alisema: "Kishaota meno huyo, mwachisheni. Ziwa ni la asiye na meno." Jirani akasema tumfunue fizi, huenda ana meno ya plastiki, na yeye anamjua mtu anayeyatoa. Bibi yetu wa Matombo, aliyekuwa amekuja kututembelea, hakusema kitu. Alimtazama mtoto mdomoni, akauliza, "Ya chini bado?" Tukamjibu bado. Akanyamaza, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kilichotutia hofu zaidi ni kile kimya cha bibi. Tulipoanza kuulizauliza na kusoma, tukagundua kwamba kimya hicho kina umri mkubwa kuliko yeye.

Kigego

Kwa wasiopajua Matombo, jina lenyewe kwa Kiluguru ni matiti. Wazee waliona umbo la matiti ya mama pale mlimani, wakapaita hivyo. Na kweli milima hii inanyonyesha: maji ya mto Ruvu yanatoka Uluguru, na Dar es Salaam inayanywa. Waluguru pia ni watu wa upande wa mama. Mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ardhi hufuata huko huko.

Ukitoka Morogoro kwa njia ya Kiroka na Mkuyuni unafika Matombo. Ukizidi kuteremka kusini unaingia nchi ya Wakutu, na huko ndiko kulikuwa na Zungomero, kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani. Katikati ya mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita hapo wakielekea Ziwa Tanganyika. Walikuwa wametokea Unguja na kukatiza nchi ya Wazaramo.

Burton aliandika aliyoyaona na kuyasikia, na kitabu chake kikatoka London mwaka 1860. Humo anasimulia kwamba kwa Wazaramo, mtoto aliyetanguliza meno mawili ya juu kabla ya ya chini aliuawa, au alitolewa, au aliuzwa kwa mfanyabiashara wa watumwa. Walihofu ataleta maradhi na vifo nyumbani. Mtoto huyo ndiye aliyeitwa kigego, na neno hilo limo katika kamusi zetu mpaka leo.

Sasa dada yangu wa visiwani, usiharakishe kusema hayo ni mambo ya bara. Burton anaendelea kusema kwamba hofu hiyo hiyo ilikuwako kwa Waswahili na kwa Waarabu wa Zanzibar. Waswahili, anasema, walimuua. Waarabu walisoma hitima, kisha wakamwapisha mtoto kwamba hatawadhuru watu wa nyumbani. Kama hajui kusema, aliitikia kwa kichwa.

Tulisoma habari hiyo mara mbili. Mtoto anaapishwa naye hajui hata kutamka "mama"! Tunashukuru kwamba hitima iliokoa roho, maana waliosoma walikataa kuua. Lakini hata wao walimweka mtoto mchanga mahali pa mshitakiwa. Na Qur'ani yenyewe, katika Surat At-Takwir, inatukumbusha kwamba siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Mtoto hana kosa. Na Mtume (S.A.W.) alitukataza kuamini mikosi na ndege mbaya.

Na tujiulize: ni mama wangapi wa njia hiyo walihisi jino likikwaruza chuchu, wakapapasa kwa kidole gizani kujua ni la juu au la chini? Sisi tuking'atwa tunaumia tu. Wao waling'atwa wakatetemeka.

Uzunguni nako walilishitaki jino

Tusidhani ni ujinga wa Waafrika peke yao. Ulaya, tangu zama za tabibu Mfaransa Ambroise Paré katika karne ya 16, waganga walichana fizi za watoto kwa kisu ili jino litoke. Mwaka 1839, England na Wales, vifo zaidi ya 5,000 viliandikwa katika daftari la serikali kwamba sababu yake ni kuota meno. Baadaye watoto wakapewa unga wa meno wenye zebaki, ambayo ni sumu. Ulikuja kuondolewa madukani Uingereza mwaka 1954, baada ya watoto wengi kuugua.

Jambo lililowapotosha wao ndilo linalotupotosha sisi. Meno huanza kutoka karibu na mwezi wa sita, wengine mapema, wengine hata baada ya mwaka. Wakati huo huo mtoto anaanza uji na vyakula vingine, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Kinga aliyopewa na mama tumboni nayo inapungua. Basi anaharisha, anapata homa, na huku jino linachungulia. Mtu akitafuta wa kulaumiwa, jino ndilo linaloonekana.

Meno ya plastiki

Kuanzia miaka ya 1980 madaktari wa meno wa Tanzania walianza kuandika juu ya jambo walilolikuta kwa watoto: meno yaliyong'olewa kabla hayajaota. Watu waliyaita meno ya nailoni, au meno ya plastiki. Uganda wanayo pia, wanayaita ebiino. Mtoto akiharisha au akipata homa, mtu alimfunua fizi, akaona vivimbe vyeupe pale yatakapotoka machonge, akasema hayo ndiyo maradhi. Yakakwanguliwa kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa, au kwa kucha, bila ganzi.

Vile vivimbe ni mbegu za machonge, ambayo kwa kawaida hutoka mtoto akiwa na mwaka na nusu hivi. Mungu kaziweka zisubiri wakati wake. Anayezitoa humwachia mtoto kidonda, damu nyingi, hatari ya pepopunda na ya maradhi yanayopita kwenye damu. Wapo waliopoteza maisha. Waliopona, wengine meno yao ya ukubwani yalitoka yameharibika au hayakutoka kabisa. Na kile kilichomuumiza kweli, malaria au kuharisha, kikabaki bila dawa.

Basi jirani yetu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anarudia shitaka la zamani kwa jina jipya.

Tupige hesabu

Turudi kwa mteja aliyesema ziwa ni la asiye na meno. Sisi mafundi tunapenda kupima, basi tupime.

Mwenyezi Mungu anatuambia katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, kwamba mama wanyonyeshe miaka miwili kamili, kwa anayetaka kukamilisha. Miaka miwili ni miezi 24. Jino la kwanza mara nyingi hutoka karibu na mwezi wa sita. Toa sita katika 24, zinabaki 18. Maana yake robo tatu ya safari ya kunyonyesha ni ya mtoto mwenye meno! Aliyetuwekea muda huo ndiye aliyeumba jino, na alijua litatoka lini. Jino halikuja kufunga ziwa.

Na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema hivyo hivyo: miezi sita maziwa ya mama matupu, kisha chakula pamoja na maziwa mpaka miaka miwili na zaidi.

Mabibi harusi, aya hiyo ina jambo lenu pia. Inasema mume na mke wakitaka kumwachisha mtoto mapema kwa kuridhiana na kushauriana, si vibaya kwao. Angalia, shauri ni la wawili. Si la jirani, si la mteja, si la shangazi anayekupa shubiri upake kwenye chuchu kwa sababu umelia siku moja. Mwambie mumeo mapema, hata kabla ya mimba, kwamba siku hiyo itakuja na utamhitaji upande wako.

Akikung'ata

Haya ndiyo yaliyotusaidia, tuliyofundishwa na muuguzi wa kliniki na mengine tukayaona wenyewe.

Mtoto anayenyonya sawasawa hawezi kung'ata, kwa sababu ulimi wake unafunika ufizi na meno ya chini. Anang'ata akiwa ameshiba na anachezea, au fizi zinamuwasha, au ziwa halijaingia vizuri mdomoni. Basi mwangalie. Ukiona ameacha kumeza na ulimi unarudi nyuma, mtoe.

Akishang'ata, usivute. Ukivuta utachanika. Pitisha kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, katikati ya fizi, ataachia. Au mkumbatie umsogeze karibu zaidi na ziwa. Atafungua mdomo mwenyewe apate pumzi, nawe umpe nafasi hapo hapo. Usimpige, wala usipige ukelele kama sisi, kwani wengine hushtuka wakakataa ziwa siku nzima. Mwambie "hapana" kwa upole, mweke chini kidogo, kisha mrudishie. Hurudia mara kadhaa, halafu anaelewa.

Kabla ya kunyonyesha, msugue fizi kwa kidole kilichonawishwa, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi yaliyochemshwa akitafune. Asali ina shifaa, lakini usimpake aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kupambana navyo.

Chuchu ikichubuka, paka maziwa yako mwenyewe uyaache yakauke, na uanzie upande usiouma. Kama maumivu ni makali, kamua umnyweshe kwa kikombe mpaka upone. Ziwa likiwa jekundu, gumu, nawe una homa, nenda kituo cha afya. Na mtoto akiwa na homa kali au anaharisha, usiseme "ni meno tu". Mpeleke akapimwe. Morogoro ina mbu wa kutosha, na Unguja nako mbu hawajaisha.

Bibi alipofungua mdomo

Wiki chache baadaye meno ya chini yakatoka. Tukampelekea bibi Matombo mjukuu wake amwone. Alimpakata barazani, akamtia kidole mdomoni, akang'atwa. Tukadhani atakasirika. Akacheka mpaka machozi, halafu ndipo akatueleza.

Alisema alipokuwa msichana, nyanya yake alimtajia neno kigego kwa sauti ya chini, na akamwambia wapo mama waliokuwa wakificha midomo ya watoto wao wasionekane mpaka meno ya chini yatoke. Walimfunika mtoto kanga kila akija mgeni. "Siku ile kwenu niliuliza, halafu nikajuta," alisema. "Nikasema, mimi nikilitaja hili neno, nitakuwa nimelileta mpaka kwenye cherehani zenu. Nikaona bora ninywe maji."

Kumbe kimya kile hakikuwa shitaka. Bibi alikuwa amelimeza neno lisimfikie mtoto.

Nasi tunaliandika leo kwa sababu hiyo hiyo, ila kwa njia nyingine. Neno likifichwa huzaa jina jipya, na waliozaliwa juzi hawajui limetoka wapi. Mtoto wako akitanguliza ya juu, sema Alhamdulillah. Akitanguliza ya chini, sema Alhamdulillah. Akikung'ata, sema "aaah", tumia kidole, endelea.

Mwenyezi Mungu awape wanaotafuta watoto, awahifadhi wanaonyonyesha, na atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wassalaam alaykum, ni sisi mawifi wa cherehani, Morogoro.